Utando wa Seli na Kazi ya Kuchagua

Kila seli hai, iwe ya bakteria anayeishi peke yake katika maji ya kisima au ya neva katika ubongo wa binadamu, imezungukwa na utando unaotenganisha yaliyomo ndani yake na yaliyoko nje. Unene wa utando huo ni kama nanomita 7 hadi 8, na kwa kuwa nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita, zingehitajika tando zaidi ya elfu kumi, zikipangwa moja juu ya nyingine, ili kufikia unene wa karatasi ya daftari. Wembamba huo umewafanya wengi wauchukulie utando kuwa mfuko tu wa kuhifadhia viungo vya seli, ambavyo ndivyo vinavyodhaniwa kufanya kazi yenyewe. Dhana hiyo inaupunja utando haki yake. Seli hai hutofautiana na tone la maji yenye chumvi na protini kwa sababu yaliyomo ndani yake hayalingani na yaliyoko nje, na tofauti hiyo haijitunzi yenyewe: hutunzwa na utando, usiku na mchana, kwa gharama kubwa ya nishati, na utando ukishindwa kazi hiyo seli hufa hata kama viungo vyake vingine vyote ni vizima.

Msingi wa utando ni aina ya mafuta iitwayo fosfolipidi. Kila molekuli ya fosfolipidi ina kichwa chenye fosfati, ambacho kina chaji za umeme na kwa hiyo huvutana na maji, pamoja na mikia miwili mirefu ya kaboni na hidrojeni, ambayo haina chaji na haivutani na maji. Molekuli za maji hushikamana zenyewe kwa zenyewe na kukisukuma kando chochote kisichoshikamana nazo, jambo linaloonekana jikoni pale mafuta ya tui yanapojitenga na kuelea juu ya mchuzi uliopoa. Fosfolipidi, hata hivyo, zina upande unaoyataka maji na upande unaoyakwepa katika molekuli ile ile, na njia pekee ya kuziridhisha pande zote mbili ni kujipanga katika tabaka mbili zilizobandana, mikia ikielekeana katikati na vichwa vikiyaelekea maji yaliyo ndani na yaliyo nje. Mpangilio huo hautegemei amri yoyote ya jeni. Fosfolipidi zikitiwa ndani ya maji katika chupa ya maabara hujipanga zenyewe, na utando ukitobolewa kidogo tundu hilo huziba, kwa sababu kila ukingo ulio wazi huiacha mikia ikigusana na maji. Sabuni huua virusi vingi kwa kuuvuruga mpangilio huu huu: molekuli zake, zenye kichwa na mkia mmoja, hupenya katikati ya fosfolipidi za utando unaovizunguka virusi kama vile vya korona na kuusambaratisha, na ndiyo maana kunawa kwa sabuni ya kawaida kunafaa kuliko kunawa kwa maji matupu.

Kwamba utando una asili ya mafuta kulianza kufahamika katika miaka ya 1890, wakati Charles Ernest Overton, mtaalamu wa mimea mzaliwa wa Uingereza aliyekuwa akifanya kazi Zürich, alipopima jinsi mamia ya kemikali zinavyoingia katika seli na kubaini kuwa zile zinazoyeyuka vizuri katika mafuta huingia upesi zaidi. Mpangilio wenyewe ulibainishwa mwaka 1925 huko Leiden, Uholanzi, na daktari wa watoto Evert Gorter akishirikiana na François Grendel. Walichagua seli nyekundu za damu, na uchaguzi huo ulikuwa wa busara, kwani seli nyekundu ya mamalia ikishakomaa haina kiini wala viungo vingine vyenye tando zake, hivyo mafuta yote yanayotolewa ndani yake ni ya utando wa nje pekee. Waliyatoa mafuta hayo kutoka katika damu ya binadamu na ya wanyama kadhaa, wakayatandaza juu ya maji mpaka yakawa tabaka lenye unene wa molekuli moja, kisha wakapima eneo lake na kukuta kwamba ni takriban mara mbili ya eneo la nje la seli zilizotumika. Hitimisho lilikuwa moja tu: kila seli imefunikwa kwa tabaka mbili. Miongo minne baadaye iligundulika kwamba jaribio lao lilikuwa na kasoro mbili, kwa maana hawakuyatoa mafuta yote na pia walilikadiria eneo la seli kuwa dogo kuliko lilivyo, lakini kasoro hizo zilifutana na jibu likabaki sahihi.

Inafaa kukumbuka pia kwamba mbinu ya kutandaza mafuta juu ya maji na kuyapima haikuanzia katika maabara. Ilibuniwa na Agnes Pockels, mwanamke wa Braunschweig, Ujerumani, ambaye katika zama zake wanawake hawakuruhusiwa kusoma chuo kikuu, na ambaye alianza kuchunguza uso wa maji alipokuwa akiosha vyombo nyumbani. Alitengeneza chombo cha bati chenye ukanda wa kusogezwa, akapima kwa miaka, na mwaka 1891 barua yake kwa mwanafizikia Lord Rayleigh ilichapishwa katika jarida la Nature. Irving Langmuir wa Marekani aliiboresha mbinu hiyo, na kwa njia hiyo ikawafikia watafiti wa Leiden. Jina la Pockels halitajwi sana katika masomo ya biolojia, ilhali bila kifaa chake lile jaribio la mwaka 1925 lisingewezekana.

Tabaka mbili za mafuta hazielezi kila kitu, kwa sababu karibu nusu ya uzito wa tando nyingi ni protini. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba protini hizo zimetandazwa juu ya mafuta kwa nje na kwa ndani na kwamba umbo zima limetulia mahali pake. Mwaka 1970, David Frye na Michael Edidin waliunganisha seli ya binadamu na seli ya panya zikawa seli moja, wakiwa wameziwekea protini za kila upande alama ya mwanga wa rangi yake, kijani kwa moja na nyekundu kwa nyingine. Mwanzoni kila rangi ilikaa nusu yake. Baada ya dakika 40 katika joto la mwili rangi hizo zilikuwa zimechanganyika kote, na seli zilipopoozwa mchanganyiko ulikoma. Protini, kwa maneno mengine, zilikuwa zikisafiri ndani ya utando. Miaka miwili baadaye S. Jonathan Singer na Garth Nicolson waliutangaza mfano unaofundishwa hadi leo, unaouelezea utando kuwa bahari ya mafuta yenye hali ya umajimaji ambamo protini za namna nyingi zimezama, nyingine zikivuka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Fosfolipidi moja huweza kubadilishana nafasi na jirani zake mara mamilioni kwa sekunde, lakini ni nadra sana kupinduka kutoka tabaka la ndani kwenda la nje, kwa kuwa kichwa chake kingelazimika kupita katikati ya mikia. Kolesteroli, ambayo watu huisikia zaidi ikilaumiwa kwa maradhi ya moyo, ina kazi halali katika umajimaji huu: hukaa kati ya fosfolipidi na kuuzuia utando usilegee mno katika joto wala kuganda katika baridi.

Umajimaji huo ni suala la uhai na kifo katika damu. Seli nyekundu ina upana wa kama maikromita 7 hadi 8, nayo hulazimika kupita katika mishipa myembamba kuliko upana wake, ikijikunja na kujikunjua tena kwa muda wa siku zipatazo 120 za maisha yake. Huweza kufanya hivyo kwa sababu chini ya utando wake kuna wavu wa protini iitwayo spektrini, unaouruhusu utando kupinda bila kuchanika. Kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, hutegemea ulaini huo huo, kwani ili kiingie ndani ya seli nyekundu huishika kwanza kwa nje, hugeuka mpaka ncha yake iguse utando, kisha huusukuma ukajikunja na kukimeza.

Pwani ya Kenya imeipa sayansi ya utando moja ya habari zake muhimu za miaka ya karibuni. Kuna aina ya damu iitwayo Dantu, inayotokana na jeni mbili za protini za utando, ambazo ni glikoforini A na B, kuungana na kuzaa protini mchanganyiko, na aina hiyo hupatikana kwa wingi Kilifi kuliko mahali pengi pengine duniani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba Dantu inahusiana na punguzo la takriban asilimia 40 la hatari ya kupata malaria kali, lakini sababu haikueleweka. Mwaka 2020 Silvia Kariuki wa kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome cha Kilifi, pamoja na wenzake wa Kilifi na Cambridge, walieleza katika jarida la Nature kile walichokiona walipoirekodi kwa video mikutano ya vimelea na seli za damu ya watoto wa Kilifi: utando wa seli zenye Dantu una mkazo mkubwa zaidi, na mkazo ukizidi kiwango fulani kimelea hushindwa kuukunja. Hugusa, husukuma, kisha huachia. Jambo lililo na uzito zaidi ni kwamba hata katika damu isiyo na Dantu seli hazilingani kwa mkazo, na zile zilizokaza zaidi nazo huponyoka. Kinga hii haihusu kingamwili wala dawa, inahusu kiasi cha kukaza kwa utando tu, na ndiyo sababu watafiti hao waliona kwamba dawa itakayoongeza mkazo huo kidogo inaweza kuwa njia mpya ya kupambana na malaria.

Upande wa pili wa kazi ya utando ni kupitisha. Oksijeni na kaboni dioksidi, ambazo molekuli zake ni ndogo na hazina chaji, hupenya mafuta bila kizuizi. Ioni za sodiamu, potasiamu, kalsiamu na kloridi haziwezi, wala sukari haiwezi ila kwa shida kubwa, na hizo zote huhitaji protini za kuzivusha. Hata maji, yaliyodhaniwa kwa muda mrefu kuwa yanajipenyeza yenyewe, yana njia yake maalumu. Peter Agre, daktari wa damu wa Baltimore, Marekani, alikuwa akichunguza protini za kundi la damu la Rh alipokutana na protini nyingine ndogo, iliyojaa katika utando wa seli nyekundu na isiyojulikana kazi yake. Mwaka 1992 yeye na wenzake waliifanya itengenezwe ndani ya mayai machanga ya chura mwenye kucha wa kusini mwa Afrika, ambayo kwa kawaida hayapitishi maji kwa urahisi, kisha wakayatia katika maji yasiyo na chumvi ya kutosha. Mayai ya kawaida yalikaa vile vile, yenye protini hiyo yalivimba yakapasuka. Protini hiyo iliitwa akwaporini, na moja tu huweza kupitisha molekuli za maji kama bilioni tatu kwa sekunde huku ikizuia hata protoni isipite. Agre alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003.

Njia za namna hiyo hufuata mteremko, yaani hupitisha kitu kutoka palipo na kingi kwenda palipo na kichache, na kama zingekuwa peke yake seli na mazingira yake vingelingana mapema na uhai ungekoma. Kinachozuia hali hiyo ni protini zinazosukuma kinyume cha mteremko kwa kutumia nishati, na iliyo kuu katika mwili wa mnyama ni pampu ya sodiamu na potasiamu. Katika kila mzunguko wake pampu hii huvunja molekuli moja ya ATP, ambayo ndiyo nishati inayotumika ndani ya seli, na kwa nishati hiyo hutoa ioni tatu za sodiamu nje na kuingiza mbili za potasiamu ndani. Kutokana na kazi hiyo isiyo na mapumziko, potasiamu iliyomo ndani ya seli huwa zaidi ya mara thelathini ya ile iliyoko nje, sodiamu huwa nyingi nje na chache ndani, na kati ya pande mbili za utando wa neva huwapo tofauti ya umeme ya kama milivolti 70. Robo au moja kwa tano ya nishati ya mwili uliopumzika hutumiwa na pampu hii peke yake, na katika ubongo sehemu hiyo ni kubwa zaidi.

Aliyeigundua ni Jens Christian Skou wa Aarhus, Denmark, aliyechapisha mwaka 1957 habari za kimeng'enya alichokipata katika neva za miguu ya kaa, ingawa wakati huo hakuwa na hakika kwamba ndiyo pampu iliyokuwa ikitafutwa. Mwaka 1958, katika kongamano la Vienna, alikutana na Mmarekani Robert Post, ambaye alimuuliza kama kimeng'enya hicho huzuiwa na wabaini, sumu iliyokwisha kujulikana kuwa husimamisha usafirishaji wa ioni katika seli nyekundu. Skou hakuwa ameijaribu, hivyo aliwapigia simu wasaidizi wake Aarhus, na jibu lilikuwa kwamba huzuiwa. Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 1997, miaka 40 baada ya makala yake ya kwanza.

Sumu hiyo iliyomaliza ubishi ina historia ndefu katika Afrika Mashariki. Hupatikana katika miti ya jamii ya Acokanthera, ambayo vipande vyake vilichemshwa kwa saa nyingi mpaka yakabaki matope meusi mazito kama lami, yakapakwa kwenye mishale na kufungwa kwa ngozi nyembamba yasikauke. Wagiriama walikuwa mafundi wa kuitengeneza, na Wawaata wa nyika ya Tsavo waliwaua ndovu kwayo. Ikifika katika damu, wabaini hujishika kwenye pampu za seli za moyo kwa upande wa nje na kuzizuia zisigeuke. Sodiamu hujaa ndani ya seli, na kwa kuwa seli ya moyo huitoa kalsiamu kwa kuibadilisha na sodiamu inayoingia, kalsiamu nayo hukwama ndani, misuli hukaza bila mpangilio na moyo husimama. Nyama ya mnyama huyo iliweza kuliwa kwa sababu wabaini haivuki kwa urahisi ukuta wa utumbo kuingia katika damu. Mafundi hao hawakujua habari za ioni, lakini walikuwa na ujuzi wa uhakika kuhusu kitu ambacho maabara za Ulaya zilichukua muda mrefu kukifikia.

Mteremko wa sodiamu uliojengwa na pampu hutumika pia kuvutia vitu vingine ndani, na hapo ndipo sayansi ya utando ilipookoa watu wengi kuliko mahali pengine popote. Katika utumbo mwembamba kuna protini inayoruhusu sodiamu kuingia katika seli kwa sharti moja, nalo ni kwamba ioni mbili za sodiamu ziingie pamoja na molekuli moja ya sukari aina ya glukosi. Robert Crane alilieleza jambo hilo mwaka 1960 huko Prague. Mgonjwa wa kipindupindu huweza kupoteza hata lita moja ya maji kwa saa, kwa sababu sumu ya bakteria wa ugonjwa huo huilazimisha mifereji ya kloridi katika utando wa seli za utumbo ibaki wazi, kloridi humwagika nje, na sodiamu na maji huifuata. Lakini sumu hiyo haiigusi ile protini inayoingiza sodiamu na glukosi kwa pamoja. Kwa hiyo maji yenye chumvi pekee humpita mgonjwa bila kumfaa, ilhali maji yenye chumvi na glukosi kwa kipimo hufyonzwa hata wakati ugonjwa umepamba moto.

Majaribio ya Dhaka mwaka 1968 yalilithibitisha hilo kwa wagonjwa, na mwaka 1971, wakati wakimbizi wa vita vya Bangladesh walipojazana katika kambi za Bangaon, India, na dripu zikaisha, daktari Dilip Mahalanabis aliagiza wagonjwa wanyweshwe mchanganyiko huo na ndugu zao wenyewe. Vifo kambini vilishuka kutoka karibu asilimia 30 ya wagonjwa hadi chini ya asilimia 4. Pakiti ya ORS inayotolewa leo katika zahanati za Tanzania, Kenya na Kongo hubeba kanuni ile ile: kwa lita moja ya maji, gramu 13.5 za glukosi, 2.6 za chumvi ya kawaida, 1.5 za kloridi ya potasiamu na 2.9 za sitrati ya sodiamu, kiasi ambacho Shirika la Afya Duniani liliidhinisha mwaka 2002 ili glukosi na sodiamu zilingane kwa idadi ya molekuli na ioni.

Pakiti inapokosekana, lita moja ya maji safi na salama hutiwa vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu visifure. Kusawazisha huko si adabu ya vipimo tu. Sukari ikizidi, protini za kuiingiza huelemewa, sukari inayobaki ndani ya utumbo huyavuta maji kutoka katika seli kupitia tando zile zile, na kuhara huongezeka. Chumvi ikizidi, mtoto ambaye tayari amepungukiwa na maji huongezewa sodiamu katika damu kuliko anavyoweza kuitoa. Mchanganyiko hunyweshwa kidogo kidogo, kijiko kwa kijiko kwa mtoto anayetapika, na hauachwi kwa sababu tu kuhara hakujakoma, kwa kuwa kazi yake si kukizuia kinachotoka bali ni kukirudisha ndani kwa njia ambayo ugonjwa haukuifunga.